Nchi Isiyo na Mvutano

Katika Jamhuri ya Tumepokea vitu haviangushwi na mvutano. Zamani vilianguka hivyo, kama kwenu, na hakuna aliyeona ajabu. Vikombe vilianguka, nazi zilianguka, walevi walianguka, wote bila kibali. Mambo yalibadilika Jumanne moja, saa nne na robo asubuhi, Mheshimiwa Waziri wa Elimu alipofungua ukurasa wa kumi na saba wa mtaala mpya wa sayansi kwa shule za sekondari akakutana na neno langu.

Naliita langu kwa sababu nililiandika mimi. Jina langu Sikujua Mbaruku. Mama yangu alikwenda zahanati akilalamikia tumbo, akarudi na mimi, na nesi alipomuuliza jina la mtoto akajibu kwa uaminifu. Nina diploma ya ualimu katika fizikia na Kiswahili, mchanganyiko ambao wakaguzi huutazama kama pilau iliyotiwa sukari. Nilikuwa nikifundisha Sekondari ya Mlimakoo, shule yenye maabara moja. Maabara hiyo ina kibao kizuri sana mlangoni. Ndani mna viti vya wageni wa heshima, vimefunikwa turubai, vinawasubiri wageni.

Serikali iliamua kwamba sayansi ifundishwe kwa lugha yetu. Ulikuwa uamuzi mzuri, na ninausifu hadi leo. Ikaundwa Kamati ya Kitaifa ya Kupanga Mtaala, yenye wajumbe kumi na tisa, wote maprofesa na madaktari, watu waliosoma sayansi kwa lugha za wenyewe na kuisahau kwa lugha hizohizo. Walipokaa wiki tatu bila kupata hata neno moja la Kiswahili zaidi ya "chai", wakaniita. Wao walikalia viti vyenye mikono. Mimi nilipewa kiti cha plastiki karibu na mlango, jirani na chupa za chai, ili niwe karibu na utaalamu wao.

Sikujali kiti. Nilikuwa na maneno. Nililala na kuamka nayo: kani, msuguano, ukinzani, shinikizo. Kwa miaka minne nilikuwa nimewaona watoto wa Mlimakoo wakikariri sayansi kwa lugha ya kigeni kama mtu anayesoma maandishi ya kaburi la asiyemjua. Sasa wangeielewa. Ukurasa wa kumi na saba niliuandika mara sita mpaka ukanyooka: *Mvutano ni kani inayokivuta kila kitu kuelekea ardhini.* Maneno manane. Hata bibi anayeuza vitumbua angeelewa, tena angeuliza kwa nini mnalipiwa shule kusomea hilo.

* * *

Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Gaudensi Lutambi, alikuja kuupitisha mtaala. Yeye ni Daktari wa Heshima. Shahada hiyo alitunukiwa na chuo alichokifungua mwenyewe, siku ileile ya kukifungua, kabla utepe haujafika chini. Alikuja na msaidizi wa kubeba miwani na mwingine wa kubeba kasha la miwani. Alisoma kurasa kumi na sita za mwanzo kwa furaha, maana zilikuwa na dibaji yake na picha zake. Kisha akaweka kidole juu ya mstari.

"Hii nini?"

Profesa Hamduni Kilalo, mwenyekiti wetu, akainuka. Ni mtu mpole, huongea kama anayeomba njia kwenye msiba.

"Ni ukurasa wa kumi na saba, Mheshimiwa."

"Kuhesabu najua, Profesa. Nauliza hii, *mvutano*. Nani kaingiza mvutano kwenye mtaala wa serikali?"

Maprofesa wote wakageuka kunitazama, kwa umoja ambao sikuwahi kuuona kamatini.

"Ni mimi, Mheshimiwa."

"Wewe nani?"

"Sikujua, Mheshimiwa."

"Hukujua nini?"

"Ndilo jina langu."

Akanikazia macho kidogo. "Haya, Mwalimu Sikujua. Hebu niambie mbele ya hawa. Katika nchi hii kuna mvutano?"

Ningekuwa nimesoma siasa ningekohoa. Nilikuwa nimesoma fizikia, nikajibu.

"Upo, Mheshimiwa. Upo kila mahali."

"Kila mahali?"

"Hata humu ukumbini. Hata Ikulu."

Kijiko cha mtu kikaanguka. Kwa mvutano, lakini sikusema.

"Tangu lini?" aliuliza bwana mmoja mwenye suti ya kijivu aliyekuwa ameketi nyuma. Tulidhani ni mtu wa vipaza sauti, mpaka alipotoa daftari.

"Tangu kabla ya Uhuru."

"Na serikali imechukua hatua gani?"

"Hakuna hatua inayowezekana, ndugu yangu. Mvutano hauzuiliki."

Bwana wa kijivu akaandika hilo, akalipigia mstari chini yake.

Mheshimiwa akainuka. Ikabidi na sisi tuinuke, na mjumbe aliyekuwa anatafuna sambusa akaimeza nzima. "Miaka yote hii," alisema, "tumejenga umoja. Tumejenga mshikamano. Mgeni akishuka uwanja wa ndege anaunusa mshikamano kabla hajachukua begi lake. Leo ninyi mnataka mtoto wa miaka kumi na tano aambiwe, kwa kitabu chenye nembo ya taifa, kwamba nchi ina mvutano, uko mpaka Ikulu, ulikuwepo kabla ya Uhuru na serikali imeshindwa kuuzuia!"

Likisemwa hivyo, hata mimi niliingiwa na hofu.

Akaendelea kufunua. Ukurasa wa kumi na nane ulisema msuguano huzaa joto. Wa ishirini na mbili ulisema shinikizo likizidi, chombo hupasuka. Wa thelathini na moja ulidai kwamba seli hukua kwa kugawanyika. Alipofika kwenye vimelea, "viumbe wanaoishi ndani ya wengine na kuwanyonya bila kuwapa faida yoyote", aliisoma sentensi hiyo mara mbili kisha akavua miwani. Msaidizi wa kwanza akaipokea. Wa pili akafungua kasha.

"Mmemlenga nani hapa?"

"Minyoo, Mheshimiwa," nikasema.

"Mnyoo yupi? Mtaje."

"Kuna tegu, Mheshimiwa."

"Tegu," alirudia bwana wa kijivu huku akiandika. "Anaishi wapi?"

"Tumboni."

"Tumboni mwa nani?"

Profesa Kilalo akanikanyaga mguu.

* * *

Kamati ilipewa siku tatu itafute neno lisilo na fujo. Siku ya kwanza tulikula. Siku ya pili mjumbe mmoja alipendekeza "maelewano", kwamba jiwe huanguka kwa maelewano na ardhi, lakini ikaonekana maelewano huwa ya pande mbili, na serikali haijawahi kuelewana na jiwe. Siku ya tatu Profesa Kilalo alisimama, machozi yakimlengalenga.

"Ndugu wajumbe, usiku kucha nimejiuliza: jiwe likiachiliwa, linakwenda wapi? Haliendi ng'ambo. Haliombi viza. Linarudi kwenye ardhi ya nchi yake. Ndugu zangu, huo si mvutano. Huo ni *uzalendo*."

Walipiga makofi mpaka vifuniko vya chupa za chai vikatikisika. Ukurasa wa kumi na saba ukaandikwa upya: *Kila kitu kikiachiliwa hurudi ardhini kwa sababu ya uzalendo. Kitu kizito kina uzalendo mwingi kuliko kitu chepesi.* Sentensi ya pili ilimfurahisha sana Mheshimiwa, ambaye ana kilo mia moja na thelathini.

Nilinyoosha mkono. "Profesa, na mvuke? Sufuria ikichemka, mvuke unapanda juu."

"Mvuke ni msaliti," alisema mjumbe mmoja.

"Lakini unarudi ukiwa mvua."

"Basi ni msaliti aliyetubu. Andika hivyo."

"Na thermosi hii ya chai imetengenezwa nje. Ikiteleza ikaanguka hapa kwetu, inaipenda nchi gani?"

Swali hilo lilichukua saa mbili na sahani tatu za korosho. Uamuzi ni kwamba bidhaa za kigeni huanguka kwa heshima ya mgeni kwa mwenyeji. Puto halikuwa na utetezi. Idara ya Hali ya Hewa ilikuwa na puto moja la kupima upepo wa juu, na alasiri hiyohiyo lilikamatwa likipaa na kufungwa kamba kituo cha polisi. Taarifa ya kituo ilisema kwamba baada ya kutolewa hewa lilionyesha dalili za kujirekebisha.

"Maprofesa wangu," nikasema, na sasa sauti yangu ilikuwa imepanda bila uzalendo wowote, "mtoto akitoka hapa akaenda kujenga nyumba, ataipima kwa nini? Neno likiwa la uongo, ukuta utakuwa wa kweli?"

Profesa Kilalo alinitazama kwa huruma ya baba. "Binti yangu, una shahada?"

"Nina diploma."

"Basi ndiyo hivyo. Diploma inaishia kwenye mvutano. Shahada inaendelea mbele."

Wakacheka. Wakapitisha na majaribio ya maabara. Kwa kuwa shule hazina vifaa, Jaribio la Kwanza lilisomeka hivi: *Mwanafunzi afikirie jiwe. Aliachilie kimawazo. Aandike alichokiona.*

* * *

Darasa langu la kidato cha nne lilikuwa na wanafunzi arobaini na mmoja. Mmoja wao, Zawena Chikoti, alikaa dirishani na alikuwa na tabia ya kuuliza swali baada ya kengele. Alitaka kwenda Chuo cha Ujenzi, kozi ya kusimamia majengo, ambayo haijawahi kuchukua msichana kutoka kata yetu. Chuo kilihitaji ufaulu wa fizikia. Hilo tu ndilo lililokuwa kati yake na chuo: mtihani mmoja.

Nilipofundisha uzalendo wa mawe, alinyoosha mkono.

"Mwalimu, na timazi je?"

Timazi ni uzi wenye kipande cha chuma chenye ncha, waashi huuning'iniza kupima kama ukuta umesimama wima. Baba yake, Nyambi Chikoti, alikuwa mwashi. Nikamwambia ailete. Kesho yake tuliining'iniza mlangoni, tukaining'iniza dirishani, tukaining'iniza juu ya kaburi la mbwa wa mlinzi nyuma ya shule. Kila mahali ilielekea chini, palepale, bila kuyumba.

"Inaipenda nchi hata pale kwa mbwa?" aliuliza mtu wa nyuma.

"Yule mbwa alikuwa na kadi ya chama," mwingine akajibu.

Wakacheka, nami nikacheka, kisha nikafanya jambo ambalo silisifu. Nikafunga mlango, nikasema: "Wanangu, kichwani wekeni mvutano. Kwenye karatasi ya mtihani wekeni wanachokitaka." Niliona nimewapa busara. Zawena alikunja uzi wa timazi taratibu, hakuniangalia.

* * *

Mwezi wa saba Wizara ilikuwa ikijenga Jengo la Mitaala, ghorofa tano, ili mtaala upate pa kukaa. Nyambi Chikoti alikuwa mmoja wa waashi. Mara mbili alimwambia msimamizi kwamba kamba za jukwaa zimeoza. Msimamizi aliandika, "Imepokelewa." Ijumaa kamba ikakatika, na baba Zawena akaanguka kutoka ghorofa ya tatu na karai la zege kichwani. Alivunjika nyonga na mguu.

Tume ya uchunguzi ilifanya kazi kwa kasi ya kupigiwa mfano. Ripoti yake ilinukuu ukurasa wa kumi na saba. *Fundi alirudi ardhini kwa uzalendo wake mwenyewe, bila kusukumwa na mtu wala kamba.* Kwa kuwa uzalendo ni wa hiari, hakukuwa na wa kulaumiwa. Msimamizi alibaki kazini. Fundi alipelekewa hospitali Cheti cha Mzalendo, kimewekewa fremu na kioo.

Uchunguzi ulizaa na hatua nyingine. Mkaguzi alimuuliza fundi mmoja juu ya jengo, "Hiyo kamba unayoning'iniza inapima nini?" Fundi, ambaye hakuwa amesoma magazeti, akajibu, "Mvutano, bosi." Jioni hiyo timazi zote za eneo la ujenzi zilikusanywa kwenye gunia. Ghorofa mbili za juu zilijengwa kwa kukadiria na kwa nia njema.

* * *

Mtihani wa taifa, swali la nne: *Tofali likiachiliwa kutoka juu ya jengo, huanguka kwa sababu gani?* Wanafunzi wangu arobaini waliandika "uzalendo" na wakapata alama zote. Zawena aliandika:

*Kwa mvutano. Baba yangu pia alianguka kwa mvutano. Kamba za jukwaa zilikuwa zimeoza na alikuwa amesema.*

Msahihishaji hakutoa sifuri. Sifuri ni alama, na alama ni ya mtihani. Aliandika pembeni "Uchochezi", akaipeleka karatasi kwa bwana wa suti ya kijivu. Matokeo yake yote ya masomo saba yakafutwa, pamoja na Maarifa ya Nyumbani, ambako alikuwa amefaulu kuelezea namna ya kusonga ugali.

Nami nikaitwa. Alianza Profesa Kilalo, faraghani, kwa wema. Alikuwa na barua iliyokwisha andikwa.

"Binti yangu, saini tu. Kila kitu kitakwisha. Leseni yako ya kufundisha inabaki, na yule mtoto ataruhusiwa kurudia mtihani mwakani."

Nikaisoma. *Mimi, Mwalimu Sikujua Mbaruku, naomba radhi kwa kubuni neno mvutano, ambalo halipo. Nakiri kwamba mwanafunzi wangu alijibu uongo niliomfundisha, na kwamba baba yake alianguka kwa hiari. Sikujua.*

"Hilo la mwisho ni jina au ni kukiri?" nikauliza.

"Chagua lolote," alisema Profesa. "Tumebana matumizi ya wino."

* * *

Niliibeba barua mpaka kwa kina Chikoti. Baba Zawena alikuwa amelazwa sebuleni, mguu juu ya mto. Kilo zake zilikuwa zimepungua, na kwa hesabu za Profesa, uzalendo wake pia.

"Karibu, Mwalimu. Samahani siwezi kuinuka kukupokea. Nimechoshwa na kuipenda nchi."

"Pole, baba Zawena. Cheti chako kiko wapi?"

"Chooni. Kioo chake kinanisaidia kunyoa ndevu."

Nikawasomea barua. Nilipomaliza, mzee akasema, "Rudia hapo kwangu."

"*Baba yake alianguka kwa hiari.*"

"Kwa hiyo nilijirusha."

"Ndivyo inavyosema."

"Na karai la zege kichwani. Sikulitua hata. Nikasema ngoja nijirushe nalo, nchi ipate na zege." Alicheka, cheko likamfikia kwenye nyonga, akauma shuka. Mkewe akaja kumgeuza. Mzee alipiga yowe fupi, la mtu aliyezoea kulificha, na Zawena akaangalia ukutani mpaka likaisha.

"Zawena," nikasema, "nilikwambia uandike wanachokitaka."

"Nilianza, Mwalimu. Niliandika *uza*. Zikabaki herufi tano tu." Alikuwa akizungusha uzi wa timazi kidoleni. "Halafu nikamsikia baba anavyolia akigeuzwa. Palepale kwenye chumba cha mtihani. Nikalikata neno."

"Ukipata kurudia mwakani, chuo bado kipo."

"Ukisaini nitarudia. Na swali likija nitaandika vilevile. Sasa utakuwa umesaini bure, na baba atakuwa amejirusha bure."

"Mtoto huyu ana mdomo," alisema baba yake kwa fahari. "Sijui kautoa wapi."

"Usiniangalie mimi," nikasema.

Nilipoinuka Zawena alinifuata mpaka kwenye kizingiti, akanitia timazi mkononi. "Hii haikuingia kwenye gunia," alisema. "Ilikuwa kwenye begi langu la shule. Nenda nayo."

* * *

Baraza la Nidhamu la Walimu lilikutana ghorofa ya tano ya Jengo la Mitaala, wiki ya pili baada ya kuzinduliwa. Lifti haikuwepo. Tulipanda ngazi, na kila ghorofa nilihisi napanda na kwenda upande wa kulia kwa wakati mmoja.

Chumba kilikuwa kipya na kilinukia rangi. Mheshimiwa Lutambi aliketi mbele, Profesa Kilalo kushoto kwake, na bwana wa kijivu pembeni na daftari lake. Ukutani nyuma yao ilitundikwa picha kubwa ya Mheshimiwa Rais. Kalamu walizoziweka mezani zilibingirika zote upande mmoja, kuelekea kwa Waziri. Karani alinieleza kwa mnong'ono kwamba tangu jengo lizinduliwe imekuwa hivyo, na inachukuliwa kuwa ni heshima.

"Mwalimu Sikujua," alisema Mheshimiwa, "Baraza lina huruma. Barua unayo. Isome kwa sauti, usaini, uende ukafundishe."

"Mheshimiwa, kabla sijasoma naomba kuonyesha kifaa kimoja cha kufundishia."

"Kimeidhinishwa?"

"Kimetoka kwa fundi aliyejenga chini ya miguu yetu."

Nikaitoa timazi mfukoni. Nikainyoosha mikono, nikaishika ncha ya uzi, nikaachia chuma. Kikashuka, kikayumba mara mbili tatu, kikatulia. Uzi ukakaa katikati yetu, mwembamba, umenyooka, mbele ya ukuta wenye picha ya Mheshimiwa Rais.

Uzi ulikuwa umesimama. Ukuta ulikuwa umeinama. Juu, pembe ya dari ilikuwa imeuacha uzi kwa upana wa kiganja, na chini karibu ukuta uuguse. Picha ya Rais ilikuwa inaning'inia ikiwa imeinamia upande mmoja wa ukuta, kama mtu anayechungulia aone wanaomzungumzia. Karani aliinamisha kichwa kulia ili mambo yalingane. Profesa Kilalo aliinamisha kushoto. Mheshimiwa aliangalia uzi, akaangalia ukuta, akaangalia uzi tena, na nikaona jasho likimtoka kwenye paji la uso na kushuka, kwa uzalendo, mpaka kwenye kola.

Kisha akapata la kusema, maana hakuwa waziri bure.

"Mwalimu," alisema, "hebu nyoosha hiyo kamba."

"Imenyooka, Mheshimiwa."

"Ilinganishe na ukuta wa serikali."

"Haikubali."

Bwana wa kijivu akaja. Akaushika uzi kwa vidole viwili, akauvuta pembeni mpaka ukalingana na ukuta. "Hivi," alisema, na kwa mara ya kwanza nilimwona akitabasamu. Kila mtu akapumua. Kisha alihitaji mkono wake ili aandike. Akauachia.

Uzi ukarudi.

Akauvuta tena. Akauachia. Ukarudi. Mara ya tatu Profesa Kilalo, mtu mpole, aliyesoma fizikia miaka thelathini iliyopita kwa lugha ya watu, alifumba macho na midomo yake ikatamka bila sauti neno la herufi saba. Nililiona. Alijua kwamba nimeliona. Akafumbua macho akaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimekwisha pangwa.

"Andikeni," alisema Mheshimiwa, "kwamba kamba hiyo ina ukaidi. Mwalimu, soma barua yako."

Nikaikunjua. Nikasema nitasoma neno moja tu ambalo ni kweli ndani yake, nalo ni la mwisho, tena ni kweli kwa sababu ni jina langu. Yaliyobaki siyasomi. Neno mvutano sikulibuni. Nililikuta kwenye vinywa vya watu wangu, na lilikuwa likifanya kazi kabla ya wizara yoyote. Zawena Chikoti alijibu sawasawa, na alinisahihisha mimi mwalimu wake, maana mimi ndiye niliyemfundisha kuogopa. Nyambi Chikoti hakujirusha. Alisema kamba zimeoza, mkapokea.

"Kwa hiyo huombi radhi?" aliuliza Mheshimiwa.

"Siombi."

"Utaondoka humu bila leseni."

"Nitaondoka humu mapema, Mheshimiwa. Na ningekuwa wewe ningeondoka pia, tena ningekalia upande ule wa juu mpaka ngazi iwe wazi."

Walicheka, kidogo, huku kila mmoja akisogeza kiti chake nusu hatua kwenda juu.

* * *

Leseni ilifutwa kabla sijafika ghorofa ya pili. Zawena siku hizi anajenga na baba yake. Baba amekaa kwenye kiti anatukana, binti anashika timazi. Wana wateja wengi, hasa watumishi wa Wizara, ambao wanataka nyumba zao wenyewe zisimame. Huja jioni kwa kuzunguka, wakinong'ona: "Ile kamba mnayo?" Chuo hakijamchukua. Jumamosi tunasoma pamoja fizikia yote, ukurasa kwa ukurasa, maneno yakiwa yaleyale niliyoyaandika, na chuo kitakapopata akili kitamkuta tayari.

Jengo la Mitaala bado limesimama, kwa tafsiri pana ya neno hilo. Wamelizungushia kamba ya manjano na kibao: *Tahadhari: Uzalendo Mkubwa.*

Juzi karani aliniletea ujumbe kwamba mlango haujafungwa. Fomu ya kuomba radhi ipo mapokezi, ni ukurasa mmoja, nafasi ya sababu imekwisha jazwa kwa ajili yangu: *Sikujua.*

Nilijua. Siombi radhi.